Ukiitwa kufanya kampeni mbali na kwenu: mambo ya kujua kabla hujapanda gari

Kila uchaguzi unapokaribia, Kanda ya Ziwa huwa na safari zake. Kijana wa Kishapu anapigiwa simu na rafiki yake aliyeko Katoro: njoo huku, kuna mheshimiwa anatafuta vijana, kula na kulala juu yake. Binti wa Ushetu anaambiwa kuna kazi ya kuhamasisha akina mama Masumbwe, wiki mbili tu kisha anarudi. Mchimbaji ambaye duara lake limejaa maji anaweka sururu pembeni na kuvaa fulana ya chama.

Wanaokwenda si watu wa aina moja. Wapo wanaokipenda chama chao kwa dhati, wapo wanaotaka kuona dunia, na wapo waliofuata posho kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Hakuna aibu katika hilo. Tatizo ni kwamba wengi hupanda gari bila kuuliza maswali ambayo mtu angeuliza hata akiitwa kuchunga ng'ombe za jirani. Makala haya yanaeleza maswali hayo, na sheria zinazomgusa mtu anayejitolea kwenye kampeni akiwa ugenini.

Kwa nini huku kampeni huwa moto

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera. Ni mkoa mchanga, lakini mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000, na jirani yake, Bulyanhulu katika Halmashauri ya Msalala, tangu 2001. Halmashauri zenye migodi hupata ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni. Zaidi ya hapo, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni ya uchimbaji ikubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya miradi ya kijamii itakayogharamia. Baraza la madiwani ndilo linalokaa mezani. Kwa hiyo udiwani wa kata ambayo haina hata lami unaweza kugombewa kwa nguvu kuliko ubunge wa mahali pengine.

Kuna jambo la pili. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8 nchi nzima. Matatu kati ya hayo yako ukanda wetu: Katoro, lililomegwa kutoka Busanda, Chato Kusini, na Itwangi, lililomegwa kutoka Solwa. Jimbo jipya halina mbunge wa zamani mwenye watu wake kila kijiji. Kila mgombea huanza kujenga mtandao, na mtandao unahitaji miguu ya vijana.

Na safari za namna hii si za leo. Saadani Abdu Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, lakini kazi yake ya siasa kabla ya hapo aliifanya Mwanza, katika chama cha TAA. Bibi Titi Mohamed alitoka Dar es Salaam akazunguka nchi kuwaingiza wanawake kwenye chama. Huku Usukumani kazi hiyo ilikuwa ya hatari kweli, maana kwa miaka kadhaa serikali ya kikoloni ilikataa kusajili matawi ya TANU. Mtu aliyefika kijijini kueneza habari za chama alikuwa anategemea nyumba iliyokubali kumpokea.

Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, safari hizo huonekana zaidi kwenye uchaguzi mdogo, kwa sababu vyama vyote hukimbilia jimbo moja. Mei 2009, baada ya kifo cha mbunge Faustine Rwilomba, jimbo la Busanda lilijaa wageni wa kampeni mpaka kwenye machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa. Lolensia Bukwimba wa CCM ndiye aliyeshinda. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya majirani zetu wa Igunga, mkoani Tabora, Rostam Aziz alipojiuzulu ubunge. Vijana walimiminika kutoka mikoa mbalimbali. Kabla ya siku ya kura, Oktoba 2, 2011, kijana mmoja wa kampeni alimwagiwa tindikali usoni. Waliokwenda Igunga mwaka ule bado wanalizungumzia hilo kuliko matokeo.

Nani amekuita?

Swali la kwanza si utalipwa nini. Ni nani anakuhesabu kuwa mtu wake. Kampeni huwa na ngazi: chama, mgombea, meneja wa kampeni, waratibu wa kata, halafu kuna yule rafiki aliyekupigia simu. Mara nyingi kijana anamjua huyo wa mwisho tu. Rafiki akigombana na mratibu, au akiondoka usiku na hela ya mafuta, wewe umebaki Katoro huna anayekujua.

Omba barua. Iwe fupi, ila iwe na jina lako, jina la chama au mgombea, kata utakayofanya kazi, tarehe ya kuanza na kumaliza, namba ya simu ya mtu anayewajibika, na mhuri. Mtu asiyetaka kukuandikia mistari mitano hiyo anakuambia mapema atakachofanya siku ukipata matatizo. Iache nakala nyumbani, au piga picha umtumie ndugu.

Elewa pia kwamba kujitolea si ajira. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, husikiliza migogoro ya mwajiri na mwajiriwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa wafanyakazi walioumia kazini. Ukienda kwa makubaliano ya mdomo kwamba unajitolea na utapewa "kitu kidogo", itakuwa vigumu sana kusimama kwenye ofisi hizo ukadai. Ukidondoka kwenye fuso la muziki ukavunjika mguu, mguu ni wako. Kama umeahidiwa malipo ya kila siku kwa kazi maalumu, mfano kupiga muziki au kuendesha bodaboda ya matangazo, hiyo ni kazi. Iandikwe hivyo, kiasi na siku ya kulipwa.

Ahadi ya kazi mgodini nayo ina historia ndefu. Mgombea hana nafasi za kugawa kwenye kampuni ya mtu mwingine. Anaweza kuahidi kuzungumza, na kuzungumza ni bure.

Posho yako na soda ya mpiga kura

Wapo wanaodhani kila hela inayotoka kwenye kampeni ni rushwa, na wapo wanaodhani hakuna iliyo rushwa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inatambua kwamba kampeni ina gharama: magari, mafuta, chakula na malazi ya watu wake. Gharama hizo zina ukomo na hutolewa taarifa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Nauli yako na sahani yako ya ugali, wewe mtu wa kampeni, ziko kwenye kundi hilo.

Mambo hubadilika pale unapokabidhiwa bahasha uwapelekee wapiga kura. Mwaka 2000 sheria ilibadilishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea. Mashirika matatu ya haki yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikasema takrima ni kinyume cha Katiba. Tangu hapo hakuna kisingizio. Kumpa mpiga kura fedha, chakula, kinywaji au kitenge ili ampe mtu kura ni kosa. Anayeikabidhi ile bahasha ndiye anayekamatwa, na mara nyingi huyo ni kijana mgeni. Aliyeituma yuko kwenye gari lenye vioo vyeusi. Ukitumwa kazi ya namna hiyo, kataa. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Vivyo hivyo kazi ya kukusanya vitambulisho vya kura vya watu au kuvinunua. Kwenye machimbo jambo hili lina soko, kwa kuwa wanaapolo wengi wana kitambulisho cha mahali wasikorudi. Kitambulisho cha mwenzako hakitakiwi kukutwa mfukoni mwako.

Kuna pia kazi inayoitwa ulinzi. Vyama vyetu vilikuwa na vikundi vyake, Green Guard, Red Brigade, Blue Guard. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yalipiga marufuku chama kuunda kikundi cha ulinzi. Ukiambiwa umechaguliwa kwa sababu una mwili mzuri, na kwamba mafunzo ni ya usiku, hapo hakuna tena kujitolea.

Kura yako iko wapi?

Hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua. Unapiga kura pale ulipojiandikisha. Kijana aliyeandikishwa Mwakitolyo akafanya kampeni miezi miwili Nyang'hwale, siku ya uchaguzi akiwa Nyang'hwale, amewatafutia watu kura elfu moja na yake imepotea.

Kama umehama kweli, taarifa zako huhamishwa wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kwa uchaguzi wa 2025, kazi hiyo ilifanyika Geita na Shinyanga mwezi Agosti 2024, zaidi ya mwaka mzima kabla. Ukisubiri kampeni zianze umechelewa. Usichanganye daftari hilo na la serikali za mitaa: uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji na vitongoji una orodha yake, inayoandikwa wiki chache tu kabla. Wa mwaka 2024 uliandikishwa Oktoba 11 hadi 20, kura zikapigwa Novemba 27. Mtu anaweza kuwa kwenye moja na asiwe kwenye nyingine.

Kama hujahama, panga na waliokuita siku ya kurudi na nauli ya kurudi, na fedha hiyo uwe nayo mkononi. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Kutoka Katoro hadi vijiji vya ndani vya Kishapu si safari ya asubuhi hiyohiyo, hata ukipata mchomoko wa mapema.

Kwa wanaapolo kuna habari ya mwaka 2015 ambayo huwa naikumbuka kila uchaguzi, ingawa haikuwa ya siasa. Tarehe 5 Oktoba mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliporomoka ukawafunika wachimbaji. Nchi ikapiga kura Oktoba 25, rais mpya akaapishwa Novemba 5, na Novemba 15 wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai, baada ya siku 41. Uchaguzi mzima, na serikali mpya, vilipita juu ya vichwa vyao.

Mgeni haingii kijijini usiku

Sungusungu walianzia huku kwetu, Kahama na vijiji vya jirani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu ya wizi wa ng'ombe. Mpaka leo kuna vijiji ambavyo mwano ukipigwa watu hutoka na silaha za jadi kabla hawajauliza nini kimetokea. Sasa mweke hapo kijana asiyejulikana, saa 6 usiku, anabandika picha kwenye ukuta wa ghala la pamba.

Oktoba 2016 watafiti wawili wa udongo kutoka Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji huko Chamwino, Dodoma, baada ya kuitiwa kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa na gari la serikali. Hofu ikishaanza, fulana ya chama haitakukinga kuliko gari lile.

Kwa hiyo ukifika kijijini, kituo chako cha kwanza ni kwa mwenyekiti wa kitongoji, hata kama ni wa chama kingine; hasa kama ni wa chama kingine. Msalimie kama mzee wa hapo, taja jina lako na unakotoka, onyesha barua, mwambie umelala kwa nani. Akuone mchana. Maadili ya uchaguzi yanaruhusu kampeni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, basi baada ya hapo pumzika. Kama unajua Kisukuma utapokelewa haraka zaidi, ila Kisukuma cha Kishapu si cha Geita na watakucheka kidogo. Wacha wacheke, ndio mlango wenyewe.

Ukikamatwa, ukiumia

Nyumbani ukikamatwa, baba mdogo anakwenda kituoni kabla ya jua kuzama. Ugenini hakuna baba mdogo. Askari atataka mdhamini, na mdhamini huombwa kitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa anakoishi. Kabla hujaanza kazi, muulize mratibu: nikikamatwa nani atanidhamini? Mtu huyo awe mkazi wa pale, na namba yake uiandike kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Sheria inataka mtu aliyekamatwa bila hati apewe dhamana au afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, inapowezekana. Dhamana ya polisi hailipiwi. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji na uhaini, na jambo hili si la kusimuliwa tu: baada ya vurugu zilizozuka siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, mamia ya watu walifikishwa mahakamani katika miji mbalimbali, wengi kwa tuhuma ya uhaini. Siku zile intaneti ilizimwa nchi nzima, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje. Mtu aliye mbali na kwao siku kama hiyo anahitaji vitu vitatu: nyumba ya kukaa ndani, fedha taslimu, na ndugu anayejua yuko kijiji gani.

Ukipigwa au ukiumizwa, pitia polisi uchukue PF3 kisha uende hospitali. Kama hali ni mbaya, tibiwa kwanza, fomu ifuate. Usikubali kuandikwa kwamba umeanguka kwenye pikipiki ili "mambo yaishe". Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako pekee.

Mabinti na akina mama

Kampeni hutafuta sana wanawake, kwa kuwa wanawake ndio wanaofika jikoni kwa wapiga kura. Lakini malazi hupangwa na wanaume. Nimewasikia wasichana wakieleza kuwa waliambiwa kuna nyumba ya akina mama, wakafika wakakuta gesti moja, vyumba vitatu, timu ya watu kumi na mbili. Waliokuwa na nauli walirudi. Wawili hawakuwa nayo.

Uliza kabla ya kuondoka: nalala wapi, na nani, mlango una komeo? Nenda wawili mnaojuana. Nauli ya kurudi iwe yako mwenyewe, usiiweke kwa mratibu. Mtu anayekutaka kimapenzi ili akupe posho, jina kwenye orodha au nafasi ya viti maalumu anatenda kosa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono waziwazi. Namba ni ileile, 113.

Simu yako

Vijana wengi sasa huitwa kwa ajili ya simu zao: kurekodi mikutano, kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp, kujibu mapigo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote, kwa anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha. "Nilitumiwa na mratibu" si utetezi mzuri. Sauti inayosema mgombea fulani amejitoa, au kituo fulani kimehamishwa, iache ikufie mkononi mpaka uthibitishe. Na laini uliyosajili kwa kidole chako usiiazime kampeni.

Ukiombwa kuwa wakala

Mwisho wa kampeni baadhi yenu mtaombwa kubaki kama mawakala wa chama kituoni. Hii ni kazi nyingine kabisa. Wakala hutambulishwa na chama chake kwa msimamizi wa uchaguzi, hula kiapo cha kutunza siri kabla ya siku ya kura, na asiyeapa hukaa nje. Mwaka 2020 malalamiko mengi ya vyama yalikuwa juu ya viapo na utambulisho wa mawakala. Wakala huangalia, huweka pingamizi, hushuhudia kuhesabu na hupokea nakala ya fomu ya matokeo. Hasaini fomu ambayo hajaisoma, na haondoki kwenda kula kura zikihesabiwa.

Mgeni huwa wakala dhaifu kwa sababu moja: hajui sura za watu wa pale. Mtu akiingia na jina la marehemu, mwenyeji atashtuka, wewe utamwangalia tu. Chama chenye akili huweka mwenyeji. Ukiombwa hata hivyo, na kituo si chako, muulize msimamizi mapema kama unastahili kibali cha kupigia kura hapo, na kwa ngazi zipi.

Shamba halisubiri

Kampeni za mwaka 2025 zilianza Agosti 28 na kuishia Oktoba 28. Huku kwetu hiyo ndiyo miezi ya kusafisha shamba, na mvua za kwanza huanza kudondoka uchaguzi ukiwa haujaisha. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba. Aliyeondoka Agosti na kurudi Novemba bila hela na bila jembe kuingia ardhini amepoteza msimu, na mke aliyebaki anajua gharama yake kuliko mgombea.

Kwa hiyo kubalianeni nyumbani kabla ya kubalianeni na chama: nani atalima, nani atauza mpunga uliobaki, na utarudi siku gani, ushinde au ushindwe. Kama ni wiki mbili, ziwe wiki mbili. Waratibu huongeza siku kwa maneno matamu, na posho ya siku zilizoongezwa ndiyo huwa ya kwanza kusahaulika. Siku ya mwisho mwone mtu aliyesaini barua yako akiwa bado na kampeni mkononi, chukua chako, mpe taarifa mwenyekiti wa kitongoji kwamba unaondoka, kisha panda gari mchana.